Binti Aliyeuza Sauti Yake

Tulimpenda tulipokuwa watoto. Sasa sisi ni mama. Je, tukimtazama tena tunaona nini?

Huenda nawe unamfahamu binti huyu. Nywele zake ni nyekundu, nusu ya mwili wake ni mtu na nusu ni samaki, na anaishi chini ya bahari katika jumba la baba yake, mfalme. Jina lake ni Ariel. Sinema yake ya katuni ilitengenezwa na kampuni ya Walt Disney huko Marekani mwaka 1989, na tangu hapo imezunguka dunia nzima. Imefika hata hapa kwetu Tunduma, mji ulio zaidi ya kilomita 900 kutoka bahari ya Dar es Salaam, ambako watoto wengi hawajawahi kuiona bahari kwa macho yao.

Mimi nimeitazama sinema hiyo mara tatu katika maisha yangu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, mara ya pili nilikuwa mke kijana, na mara ya tatu nilikuwa mama wa binti wa miaka kumi na sita. Kila mara niliona hadithi tofauti. Mara hiyo ya tatu iligusa jambo lililokuwa limeumiza nyumba yangu kwa miezi mitatu, na ndiyo sababu naandika makala hii.

Mara ya kwanza: gauni na harusi

Ilikuwa mwaka 1994 na nilikuwa na miaka kumi na moja. Mjomba wangu, dereva wa malori, alikuwa amejenga Vwawa. Safari moja alirudi kutoka Lusaka na deki ya video na kanda nne. Umeme wa nyumba yake ulikuwa wa jenereta, hivyo tulitazama kwa zamu, na mafuta yakiisha sinema nayo iliisha. Tulikaa sakafuni watoto kama ishirini, wa ndugu na wa majirani.

Hatukujua Kiingereza. Binamu yangu mmoja alikuwa kidato cha pili, akajifanya mkalimani. Alisimama kando ya runinga akiwa na fimbo, akatusimulia kwa Kiswahili kama walivyofanya wasimulizi wa mabanda ya video mijini. Wasomaji wa Dar es Salaam watamkumbuka Lufufu, aliyepata sifa kubwa kwa kazi hiyo. Binamu yangu alitueleza kwamba binti wa majini amempenda mwana wa mfalme wa nchi kavu, jina lake Eric. Alipofika mahali ambapo binti anamwendea mchawi wa bahari, anamkabidhi sauti yake na kupewa miguu, binamu alishusha pumzi akasema, "Ametoa sauti yake kwa ajili ya mapenzi." Sisi wasichana tukapiga makofi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza gauni la harusi na meli iliyopambwa. Kwa wiki nzima nilijifunga kanga ya mama miguuni, nikatembea kwa kurukaruka uani kama nguva. Mama yangu alinicheka. Hakuna mtu aliyeniuliza nimejifunza nini.

Mara ya pili: hasira

Mwaka 2010 nilikuwa nimeolewa na nina watoto wawili wadogo. Mume wangu alinunua diski ya sinema hiyohiyo kwa ajili ya watoto. Safari hii nilielewa Kiingereza kidogo, na nilichokisikia kilinichoma.

Mchawi, ambaye jina lake ni Ursula, anamweleza binti kwamba huko juu wanaume hawapendi mwanamke msemaji, na kwamba uzuri wa sura na mwendo wa mwili vitamtosha. Binti anakubali. Anaweka sahihi kwenye mkataba ambao hakuusoma vizuri. Masharti yake ni kwamba asipobusiwa na mwana wa mfalme kabla jua halijatua siku ya tatu, atakuwa mali ya mchawi. Na binti huyu ana miaka kumi na sita tu.

Dada zangu, wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza. Nilipoolewa niliacha kuimba kwaya, kwa sababu niliambiwa mke wa watu hasimami mbele za watu kila Jumapili. Katika vikao vya ukoo nilileta chai na kurudi jikoni. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Nilijifunza tu, kidogo kidogo, kwamba nikikaa kimya nasifiwa. Kwa hiyo nilipomwona binti yule akiufungua mdomo wake na sauti ikimtoka, nilizima runinga. Nikaificha ile diski chini ya magunia ya maharage. Watoto walipoiulizia niliwaambia imeharibika.

Baadaye niligundua kwamba sikuwa peke yangu kukasirika. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa lugha wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno yanayosemwa katika sinema za mabinti wa kifalme za Disney. Katika sinema hii ya Ariel, kati ya kila maneno 100, maneno 68 yanasemwa na wanaume. Mhusika mkuu ni msichana, lakini wanaume ndio wanaozungumza. Na sinema hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2023 kwa waigizaji halisi, Ariel akiwa dada mweusi wa Marekani aitwaye Halle Bailey, mtunzi wa muziki Alan Menken alieleza kwamba walibadilisha maneno katika nyimbo mbili. Mmoja ni wimbo wa mchawi. Waliogopa wasichana wadogo wasije wakadhani kwamba mwanamke hapaswi kusema.

Nguva wa kwanza

Kabla sijasimulia mara ya tatu, ni vizuri tujue hadithi hii imetoka wapi. Waswahili wa pwani humwita kiumbe wa namna hii nguva. Nguva halisi ni mnyama wa baharini anayenyonyesha na kula majani ya baharini. Wamebaki wachache sana, na hapa kwetu huonekana katika maji ya Rufiji na Mafia. Nguva wa hadithi ni mwingine. Yeye aliandikwa na Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark, mwaka 1837.

Hadithi ya Andersen ni chungu kuliko ile ya sinema. Nguva wake ana miaka kumi na mitano anaporuhusiwa kuja juu ya maji kwa mara ya kwanza. Mchawi anamkata ulimi. Kila hatua anayopiga kwa miguu yake mipya inamuuma kama anakanyaga visu. Mwana wa mfalme anampenda kama mtu anavyompenda mtoto, kisha anaoa mwingine. Dada zake wanamletea kisu na kumwambia amuue mwanamume yule ili arudi baharini. Anakataa. Anakitupa kisu majini, naye anageuka kuwa povu. Halafu anachukuliwa na mabinti wa hewani, na anaambiwa kwamba kwa matendo mema ya miaka 300 anaweza kupata roho isiyokufa. Kwa maana tangu mwanzo, mume hakikuwa kitu pekee alichokitafuta. Alitaka pia roho ya milele.

Disney walikiondoa kisu, wakaliondoa povu, wakaweka harusi. Hatuwezi kuwalaumu sana kwa kuwaonea huruma watoto. Lakini gharama nayo iliondolewa. Sisi tuliolala chini kwa mjomba tulidhani sauti ni kitu cha kukopesha, na kwamba mwisho wa siku utarudishiwa pamoja na gauni.

Mara ya tatu: mfalme mwenye hasira

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Anayeishi Tunduma anajua mji huu ulivyo. Barabara kuu ya Zambia inapita katikati yetu, na reli ya TAZARA pia. Ng'ambo ni Nakonde. Mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja cha forodha ili magari yavuke upesi, lakini bado kuna siku malori hupanga foleni ndefu. Palipo na foleni pana biashara, na palipo na biashara wapo wasichana wetu wanaouza maji, ndizi na karanga. Wapo pia wanaume wenye pesa walio mbali na nyumba zao. Mama wa Tunduma halali usingizi mzito.

Jirani yangu alikuwa na binti wa kidato cha pili. Alikuwa mpole na akiimba vizuri. Mtu mmoja alimwahidi kazi ya duka katika mji mkubwa. Aliondoka alfajiri bila kuaga. Alirudi baada ya miezi minane akiwa mjamzito, na kwa muda mrefu alikuwa akiulizwa swali anatazama chini tu. Nilimtazama na nikasema moyoni kwamba kwangu haliingii hilo.

Mwezi Mei mwaka 2023, nilipokuwa nikifagia chumba cha binti yangu wa miaka kumi na sita, nilikuta daftari chini ya godoro. Lilikuwa na picha zilizokatwa magazetini, za meli, madaraja na miji ya ng'ambo. Lilikuwa na maneno ya Kibemba yaliyoandikwa pamoja na maana zake. Na katika ukurasa wa mwisho palikuwa na namba ya simu ya Zambia, bila jina.

Sikumwuliza. Nilipomwona anaingia kutoka shuleni nilimwonyesha lile daftari, nikalitia kwenye jiko la mkaa lililokuwa likiwaka, nikamwambia, "Wewe hutakwenda Zambia na mwanamume ukiwa chini ya dari langu." Alifungua mdomo kusema. Nikamwambia, "Nyamaza." Akanyamaza.

Alinyamaza miezi mitatu. Alinisalimia "Shikamoo mama" asubuhi, aliosha vyombo, alikwenda shule. Lakini hakuniambia neno lingine ambalo sikumwuliza. Baba yake alipoona hali ile alisema itapita. Haikupita.

Jioni moja ya Agosti mdogo wake alirudi na flashi. Kijana wa kibanda cha muvi alikuwa amemwekea katuni, na mojawapo ilikuwa ile ya Ariel, ya mwaka 1989. Upepo wa baridi wa Tunduma ulikuwa ukivuma, sote tukakaa sebuleni. Nilitaka kuizima, lakini nilichoka. Tukatazama.

Na hapo, dada zangu, niliona kitu ambacho macho yangu hayakukiona mara mbili zilizotangulia. Ariel alitamani dunia ya juu kabla hajamwona mwanamume yeyote. Ana pango lake la siri, ambamo amekusanya vitu vya wanadamu alivyookota kwenye meli zilizozama: vijiko, uma, vitabu, vinara. Anavigeuza na kujiuliza vinafanya kazi gani. Wimbo wake mkuu anauimba mle pangoni, akitamani kujua mambo, na bado hajamwona Eric kabisa. Tena anapomwona, ni Ariel anayemwokoa asizame.

Baba yake anapogundua pango lile hamsikilizi. Anachukua mkuki wake wenye nguvu na kuvunja kila kitu kimoja kimoja, huku binti analia. Anaondoka na kumwacha kwenye vipande. Na ni katika dakika hiyohiyo, binti akiwa bado analia, ndipo watumishi wa mchawi wanapofika, wanamsemesha kwa upole, na kumwambia yupo mtu anayeweza kumsaidia.

Vitu vilipoanza kuvunjika, binti yangu aliinuka akaenda chumbani. Hakuubamiza mlango. Aliusukuma taratibu, na sauti ya kitasa ilinipiga kuliko kofi. Miaka ishirini na tisa nilikuwa nikimlaumu mchawi na kumlaumu yule msichana, na sikuwa nimemtazama mzazi hata siku moja. Sasa nilimwona. Alikuwa mimi, na mkuki wangu ulikuwa jiko la mkaa.

Swali la mdogo wake

Nilibaki pale na mwanangu mdogo, wa miaka tisa. Tulipofika mahali pa mkataba alikunja uso. "Mama," akaniuliza, "huyu si anajua kuandika? Ameandika jina lake. Sasa akifika kwa huyo kaka, kwa nini asichukue karatasi akamwandikia, 'Mimi ndiye niliyekuokoa'?"

Nilicheka, kisha nikafikiri. Kweli, angeweza. Lakini binti yule alijua kuweka sahihi tu, hakufundishwa kujieleza. Na wapo wengi kama yeye. Sokoni kwetu nawafahamu akina mama waliochukua mikopo ile tunayoiita kausha damu. Waliletewa karatasi wakati mtoto anaumwa au ada imefika, wakaonyeshwa mahali pa kusaini, wakasaini. Baada ya wiki chache wanabebewa kochi na runinga, na kumbe karatasi ilisema hivyo. Ursula hana haja ya mikia ya pweza. Anamngoja mwanamke mwenye shida, anampa kalamu, na anamwambia afanye haraka.

Na kuna jambo la pili tuliloliona pamoja na huyo mdogo. Eric alikuwa anamtafuta msichana mwenye ile sauti aliyoisikia alipookolewa. Hicho ndicho alichomkumbukia. Ariel alipokuja kwake mzuri, mwenye miguu na gauni, lakini kimya, Eric alimtazama na hakumtambua. Na mchawi alipotaka kumteka kijana huyo, alijigeuza msichana na kuvaa sauti ya Ariel shingoni. Kumbe kitu kilekile ambacho binti aliambiwa hakina thamani kwa wanaume ndicho kilichokuwa na thamani, na mchawi alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo sababu alikitaka.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayemwambia binti yako kwamba akili yake, elimu yake na maneno yake hayana kazi, mwangalie vizuri. Huenda ndiye anayevitaka.

Siti hakuuza

Nikiwa pale nilimkumbuka mwanamke mwingine, wa kweli, wa bahari yetu wenyewe. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika nyumba ya kimaskini. Alitembeza vyungu vya kuuza, na watu walimjua kwa sauti yake kabla hawajamwona. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba na kupigiwa ala. Wapo waliomcheka hadharani kwa sura yake na kwa asili yake. Yeye aliwajibu kwa wimbo, akiwaeleza kwamba uzuri wa uso si kitu mbele ya ujuzi na tabia. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, na nyimbo zake zikatiwa kwenye santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Aliimba hata juu ya hukumu zisizo za haki. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzishwa mwaka 1987 na kutoa jarida lake, kilichagua jina la Sauti ya Siti.

Ariel aliambiwa kwamba sura itamtosha, akatoa sauti. Siti aliambiwa sura haimtoshi, akabaki na sauti, na sauti ikamtosha. Hadithi hii ya pili ilitokea kwetu, lakini binti zangu hawakuwa wameisikia mpaka juzi nilipowasimulia. Kosa hilo si la Disney.

Hata katika Biblia tunamwona Ester, yatima aliyechaguliwa na mfalme kwa uzuri wake. Ingeishia hapo ingekuwa katuni ya kawaida. Lakini watu wake waliokolewa siku aliyoamua kuingia kwa mfalme na kusema, akijua kwamba kusema kungeweza kumgharimu maisha.

Miaka kumi na sita

Jambo moja la sinema hii bado silikubali, na sitalikubali. Ariel anamwambia baba yake kwamba yeye si mtoto tena kwa kuwa ana miaka kumi na sita, na sinema inaisha akiwa ameolewa. Kwa mama wa mkoa wa Songwe hiyo si hadithi ya kuchekea.

Ni vizuri kila mama ajue historia ya sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na mitano kwa idhini ya mzazi. Dada mmoja, Rebeca Gyumi, alikwenda mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Na tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu imeweka adhabu ya kifungo cha miaka thelathini kwa mwanamume anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba.

Tena tukumbuke kwamba mwezi Novemba mwaka 2021 serikali ilitangaza kuwa wasichana waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shule katika mfumo rasmi. Binti wa jirani yangu alirudi. Alianza upya kidato cha pili, mtoto akibaki na bibi yake. Wapo waliomnong'ona njiani. Lakini siku hizi ukimsalimia anakutazama usoni na kukujibu.

Alichofanya mfalme mwishoni

Kuna sehemu moja ambayo utotoni sikuijali kabisa. Siku ya tatu inapita na Ariel anakuwa mali ya mchawi. Baba yake anafika, anajaribu kuuvunja mkataba kwa nguvu, anashindwa. Ndipo mfalme yule mwenye kiburi anapoweka jina lake mahali pa jina la binti yake. Anavua taji, anapoteza ufalme na umbo lake, ili mtoto awe huru. Baada ya vita, anapomwona binti yake akitazama nchi kavu kwa hamu, anatambua kwamba kumwachilia kutamuuma, na anamwachilia.

Usiku ule nilibisha hodi kwenye mlango wa binti yangu. Sisi wazazi wa huku hatukuzoea kumwomba mtoto radhi. Mama yangu hakuniomba, na mama yake hakumwomba. Nilikaa ukingoni mwa kitanda na maneno hayakutoka vizuri. Nilisema, "Mwanangu, nililichoma daftari lako bila kukuuliza. Nilikosea. Nilikuwa naogopa."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia ile namba ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mama mmoja wa Nakonde, muuza vitenge, ambaye binti yangu alikutana naye pale ninapouza maharage. Mama huyo alikuwa amemwahidi kumfundisha kukata nguo za vitenge wakati wa likizo, kwa ruhusa yangu. Alikuwa akijifunza Kibemba ili aweze kuzungumza na wateja. Alikuwa anangoja siku nzuri ya kuniambia.

Sitawadanganya kwamba tulikumbatiana na mambo yakaisha. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajaanza kunisimulia tena mambo ya shule. Picha zile hazikurudi. Lakini nilimnunulia daftari jingine, lenye jalada gumu, nikamwambia sitalifungua. Na likizo ya Desemba tulivuka pamoja, mimi na yeye, kwenda kumwona mama wa vitenge. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama binti yangu akiuliza bei kwa Kibemba, akibishana, akicheka. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa muda mrefu.

Mambo ya kuzingatia

Akina mama wenzangu, sisemi tuwanyime watoto katuni hizi. Nilijaribu kuficha diski chini ya magunia na haikusaidia kitu. Nimejifunza haya machache, nanyi mtaongeza yenu.

1. Tazama pamoja nao. Sinema ambayo mama hajaiona ndiyo inayofundisha bila kujibiwa. Simamisha, uliza: "Ungekuwa wewe ungesaini?" Ngoja jibu.

2. Uliza kabla ya kuadhibu. Ukikuta kitu chini ya godoro, swali moja ni bora kuliko jiko. Hatari zipo, nami nimezisema. Lakini mtoto aliyenyamazishwa nyumbani hatakuambia siku hatari ya kweli itakapomfikia.

3. Mfundishe kusoma karatasi kabla ya kusaini, nawe ufanye hivyo. Akuone ukisema, "Nipe kwanza nikasome nyumbani."

4. Wasimulie habari za wanawake wetu. Zipo hata katuni zetu siku hizi. Ubongo Kids ilianza hapa Tanzania mwaka 2014, na wadogo zaidi wanaye Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali.

5. Jitazame mwenyewe. Binti hujifunza thamani ya sauti kwa kumsikiliza mama yake ikiwa anaitumia.

Kuhusu hilo la mwisho, nina neno moja. Mwaka jana nilimwambia mume wangu kwamba ninataka kurudi kwaya. Alinitazama akashangaa, akauliza, "Kwani nani alikukataza?" Tulijaribu kukumbuka ni nani, na hatukumpata. Sasa Jumamosi jioni naenda mazoezini. Sauti ya pili, kama zamani. Haijawa kama ilivyokuwa nikiwa na miaka ishirini, imekwaruza kidogo. Binti yangu, ambaye amemaliza kidato cha nne, hunibebea daftari la nyimbo, na njiani tunazungumza.